Kiraka cha Jezi kwenye Mizani

Shangazi yangu wa Kinyinya alisema sitaweza. Mwenye nyumba wangu wa Kimironko alisema sitaweza. Wenzangu wa kikundi cha akiba, tunaokutana Jumapili baada ya ibada, walisema hivyo hivyo, tena kwa kicheko. "Kijana katoka Tanzania na diploma ya biashara," mmoja alisema, "kumbe alisomea kukusanya picha za wachezaji." Hata hivyo wote walinikopesha. Shangazi alinipa pesa ya mabati ya nyumba yake, ambayo kuta zake zilikuwa zimesimama bila paa, na masika yalikuwa karibu.

Nilirudi Rwanda bila mjomba serikalini na bila kiwanja cha urithi. Diploma yangu niliilipia mwenyewe kwa kuuza soda stendi ya mabasi Mwanza. Hapa Kigali sijakutana na mtu aliyeanza kazi hii ya kuuza kadi za wachezaji kabla yangu, na sioni haya kulisema.

Kadi ninazoshughulika nazo si karatasi tupu. Katikati zina kidirisha, na ndani yake kuna kiraka kilichokatwa kwenye jezi ambayo mchezaji aliivaa uwanjani. Kiraka cheupe kitupu ni cha kawaida. Chenye rangi mbili na mshono, kilichotoka ukingoni mwa namba, hicho watu hukipigania. Nilinunua kadi ya namna hiyo kutoka ng'ambo, ya mchezaji wa mpira wa kikapu, kwa pesa zote nilizokopa. Kabla haijafika nilikuwa na mnunuzi, Mkenya aliyekuwa amemaliza mkataba wake wa kazi hapa Kigali na anarudi kwao. Kadi ilifika siku ile ile aliyokuwa anapanda ndege jioni. Nikamwambia tukutane kwenye ofisi ya vifurushi.

Afisa wa forodha alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole na kisu cha kukatia maboksi. Alisoma maelezo juu ya kifurushi. Mimi ndiye niliyemtaka muuzaji aandike kwa herufi kubwa: kipande cha jezi iliyovaliwa. Wanaoleta nguo huficha neno hilo. Mimi nililidai, maana thamani ya kadi iko hapo.

"Hii ni chaguwa," alisema. Ndivyo tunavyoita mitumba hapa.

"Si chaguwa, mama. Ni kadi."

"Kadi iko na nguo ndani. Nguo iko imevaliwa, mumeandika wenyewe." Akaligeuza kasha la plastiki. "Nguo ya kuvaliwa lazima niishike."

Kasha hilo hufungwa na wakaguzi wa kadi. Likipasuliwa, hakuna anayeamini tena kilichomo. Akaweka ncha ya kisu ukingoni.

"Mama, nakuomba. Ukikata hapo umenimaliza."

"Kitambaa kidogo hivi kikumalize? Mwanamume mzima?"

Mkenya akaniinamia. "Boss, akifungua mimi sichukui. Tuelewane mapema."

Mama akakishusha kisu. "Sikia, mwanangu. Kama kitambaa ni kipya, ni cha urembo tu, basi aliyeandika alikosea. Sahihisha hapa kwamba hakijavaliwa, weka sahihi, uende."

Akanisogezea kalamu. Mkenya akautazama mkono wangu. Nikiandika hivyo, nimeikana kadi kwa sahihi yangu mbele ya mnunuzi. Nisipoandika, kisu kiko pale pale. Nje mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika, na nilijua kuna mtu Kinyinya anayatazama.

"Siandiki," nikasema. "Kimevaliwa. Mama, chaguwa inatozwaje ushuru?"

"Kwa kilo."

"Basi pima."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa apime moshi. Lakini ushuru niliusoma chuoni. Wengine walikariri wafaulu mtihani, mimi nilielewa. Nikamwambia kidirisha kiko wazi, nyuzi zinaonekana, hakuna haja ya kukata. Apime kadi na kasha lake, nilipe kama wanavyolipa wenye marobota.

Alikwenda nayo dirishani. Aliigeuzageuza kwenye mwanga, akaisogeza karibu na macho.

"Mshono uko umechakaa kweli," alisema mwishowe.

Akaiweka kwenye mizani ya vifurushi. Mshale haukusogea. Akaigonga mizani kwa kidole. Bado. Hapo akacheka, akamwita mwenzake aje aone chaguwa isiyo na uzito. Walinitoza kiwango cha chini kabisa, wakanipa risiti yenye muhuri: nguo iliyovaliwa, kipande kimoja.

Mkenya aliichukua risiti kabla ya kadi. Aliisoma, akairudia.

"Hii inaenda na kadi?"

"Inaenda, na bei inapanda kidogo. Nani mwingine ana kiraka kilichothibitishwa na forodha?"

"Boss, wewe ni mwizi."

"Mimi ni mfanyabiashara."

Alilipa kwa simu palepale, akilalamika hadi mlangoni.

Nilianza kulipa madeni kwa mwenye nyumba, nikaenda kwa mweka hazina wa kikundi, kisha nikapanda pikipiki hadi Kinyinya. Shangazi alizipokea pesa, akauliza hicho kitambaa kilikuwa na ukubwa gani. Nikamwonyesha ukucha wa kidole gumba.

"Na aliyekivaa hakukifua?"

"Hakukifua, shangazi."

Alitikisa kichwa, akampigia fundi alete mabati asubuhi. Jioni hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akinidai.