Kura ya Maji

Juzi nilikuwa Kolwezi kwa harusi ya binamu yangu. Asubuhi, nikiwa nanywa chai kibarazani, likapita gari la kampeni lenye vipaza sauti, muziki ukavuma, kisha sauti ya mwanaume ikasema kwamba mtaa huu safari hii utapata maji. Mama mwenye nyumba aliendelea kuchambua mchele wake. Mimi niliendelea na chai. Nilingoja moyo ushtuke, hata kidogo, haukushtuka, na hilo ndilo lililonifanya nikae pale muda mrefu baada ya gari kupita, nikikumbuka jinsi uchaguzi ulivyokuwa kwetu Kasulo, mtaa wa mji huohuo, nilipokuwa mtoto.

Nililelewa na bibi yangu, ambaye kwa desturi ya huko tulimwita kambo. Kambo alikuwa mtengenezaji wa munkoyo. Kama hujawahi kuinywa, ni kinywaji cha unga wa mahindi kinachochachushwa kwa mizizi ya porini, kitamu siku ya kwanza, kikali siku ya pili, na siku ya tatu wanakunywa wazee peke yao. Lupango yetu yote, yaani nyumba na ua wake, ilinukia mizizi hiyo. Vijana waliotoka kwenye mashimo ya madini ya Musonoi walipita kwetu wakiwa weupe kwa vumbi hadi kope, wakanywa wakiwa wamesimama, wakamwita mama na kumrudishia kikombe kwa mikono miwili.

Sasa munkoyo ni maji, na maji hatukuwa nayo. Kila alfajiri tulishuka bondeni na mabidoni, yaani madumu, ya njano, mimi na dada zangu, kwenye kisima kilichokuwa na foleni na ugomvi. Kupanda ndiko kulikokuwa kazi. Kambo mwenyewe alibeba ndoo kichwani mpaka shingo yake ikaanza kukataa kugeuka, hata ukimwita kwa nyuma aligeuka mwili mzima. Hakuwa mtu wa kutaka mambo mengi. Alitaka bomba la maji ndani ya lupango yake, karibu na jiko, alifungue kwa mkono wake kabla hajafa. Alituonyesha hadi mahali litakaposimama, na hatukuruhusiwa kuweka kitu pale.

Uchaguzi wa kwanza ninaoukumbuka, mgombea alikuwa mtu mwenye asili ya Sandoa kama kambo. Alileta chumvi, sabuni na vitenge vyenye uso wake, akaahidi maji. Kambo alisema, "Huyu ni mutoto ya kwetu, hawezi kutudanganya." Akamchagua, akarudi na kidole cheusi kwa wino, akakitunza siku kadhaa bila kukisugua. Na kweli, baada ya ushindi walikuja watu na makoleo, wakachimba mtaro wa bomba kutoka barabara kubwa mpaka katikati ya mtaa wetu. Hapo wakaacha. Mheshimiwa alikuwa Kinshasa, na Kinshasa, kama unavyojua, ni mbali sana kwa mtu aliyekwisha kuchaguliwa. Shuleni mwalimu wetu alituandikisha "ahadi ni deni" ubaoni, akatazama nje kwenye ule mtaro, akafuta.

Mtaro ukakaa. Mvua iliujaza matope, bata wakaogelea. Halafu jirani yetu, baba mmoja mcheshi aliyekuwa zamani fundi seremala, akaona aupanue mbele ya nyumba yake apate shimo la choo. Alipofika kina cha kifua akakutana na mawe meusi. Alikuwa ameshafanya kazi za mashimo, aliyajua. Ilikuwa kobalti, madini yenye soko. Basi choo hakikujengwa tena.

Kuchimba mtaani kulikuwa kumekatazwa, na polisi walipita. Ndipo lilipozaliwa neno letu. Polisi wakiuliza, "Munachimba nini pale?" watu walijibu, "Tunatafuta maji, chef." Nani angekataza watu wenye kiu? Baada ya muda mfupi, mtaa mzima ulikuwa unatafuta maji. Mtu akikusalimia alikuuliza kama maji yako yametoka. Jirani alipofanikiwa alisema amepata maji mazito. Alisogeza kitanda chake akachimba chini yake, na mwalimu alipomshangaa akamjibu kwa methali aliyotufundisha mwalimu mwenyewe: "Mutaka cha mvunguni sharti ainame." Tulicheka sana. Nasema ukweli, tulicheka, kulikuwa na nyama mezani na watoto walikuwa na viatu.

Kambo hakuchimba. Vijana walimwomba ua wake, akawakatalia. "Hapa ni pa robine," aliwaambia. Robine, yaani bomba lake. Walimheshimu, wakaenda kuchimba kwa wengine.

Uchaguzi wa pili ulitukuta hivyo. Mbunge wetu wa kwanza hakuthubutu kurudi. Akaja mgombea mpya aliyekulia mbali, Kiswahili chake kimejaa Kifaransa, suti nzuri, jasho jingi. Alisimama juu ya gari mbele ya shule. Mwanzoni watu walimsikiliza kwa adabu tu. Kisha akasema: "Mukinichagula, tutachimba maji ku kila lupango. Kila moja. Na hakuna mutu atabazuia."

Rafiki yangu, sijawahi kusikia kelele kama zile. Wanaume walirusha kofia. Mama mmoja aliangua vigelegele mpaka akakaa chini. Yule mgombea mwenyewe alionekana kushangaa, akayarudia maneno yake, na kelele zikazidi. Kambo naye alipiga makofi, machozi yakimtoka, akinishika bega.

Njiani kurudi, jirani alikuwa anaruka kama kijana. "Mama, umesikia? Sasa tutachimba bila kukimbia polisi."

"Polisi inaweza kuzuia mutu maji?" kambo akamuuliza.

"Mama, ni ile maji yetu. Ametusikia, anajua luga yetu."

Kambo alisimama, akageuka mwili mzima kumtazama. "Mutu mukubwa vile hawezi kusema luga ya mitaro. Amesema maji. Mi nimesikia maji."

Jirani alicheka, akamshika mkono kwa upole, tukaendelea. Siku ya kura walipanga mstari mmoja, yeye na kambo, wakapiga kura kwa mtu yuleyule, wakarudi na vidole vyeusi wote wawili. Yule mtu akashinda. Wapo wanaosema aliambiwa neno letu na mtu wa mtaani na akalitumia kwa ujanja. Mimi nadhani alimaanisha maji ya kunywa, akayasahau.

Watu walichukua ahadi yao wenyewe wakaitekeleza. Polisi wakija, walijibiwa, "Tulichagulia maji, tunachimba maji." Mashimo yakawa mapango, mapango yakakutana chini ya nyumba za watu. Tukiwa tunakula bukari, ugali wetu, tulisikia nyundo chini ya miguu. Sufuria zilitetemeka. Ufa ulianza ukutani nyuma ya jiko, ukapanda mpaka dirishani, na mjomba akaja kumwomba kambo ahame. Alikataa. Alisema akiondoka leo, bomba litafika kesho, na atafungua mwingine.

Mwishowe hakuna aliyeulizwa. Ikaja amri ya serikali, mtaa ukavunjwa, eneo likapewa kampuni ya madini, likazungushiwa ukuta. Jirani alienda upande wake, mwalimu upande wake, na kambo akarudi Sandoa kwa mdogo wake, ambako maji yanatoka mtoni kama zamani. Alifia huko. Niliambiwa kwa simu nikiwa kazini, nikasema sawa, nikamaliza kazi ya siku hiyo. Nilidhani kilio kitakuja baadaye.

Baada ya ile chai nilitembea mpaka kwenye ukuta. Mtaa wetu haupo, wala shule, wala mtaro. Jimbo letu la uchaguzi lingali lilelile, lina wagombea wengi kuliko zamani, na picha zao zimebandikwa kwenye ukuta huohuo. Chini ya ukuta kulitoka mpira mnene, maji yakibubujika kutoka ndani yake kwa nguvu, yakiingia kwenye mfereji wa barabarani. Mlinzi alikuwa amekaa kando, nikamsalimia.

"Tata, hii maji inatoka wapi?"

"Ku mashimo. Ukishuka kidogo tu chini ya mawe, maji iko mingi sana. Pompe inafanya kazi kila siku, la sivyo batu batazama mule ndani."

"Na munaipeleka wapi?"

"Tunaimwanga tu."

Nilichota kwa kiganja. Yalikuwa baridi, yana uchungu kidogo wa shaba. Mlinzi akaniambia nisinywe, nikamwambia sinywi. Nilifikiri kumweleza kwamba hapo ndani palikuwa na jiko, na pembeni ya jiko mahali ambapo hatukuruhusiwa kuweka kitu, lakini sikuona aanzie wapi kunielewa. Umati ule wote mbele ya shule, na mgombea mwenyewe aliyeyataja akayasahau, sidhani kama kulikuwa na mwingine aliyepiga kura ya maji. Alikuwa kambo peke yake, na maji yalikuwa pale.