Jani la Kwanza la Kabichi

Kijijini walimwita Hedwig "Mama Mkuu", ati kwa kuwa mumewe ndiye mwenyekiti, ingawa yeye mwenyewe kazaliwa Austria. Sun-rye, mke wa kaka mkubwa wa mwenyekiti, alimwonea wivu. Siku ya kusindika kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, ya majira ya baridi, mama mkwe wao alikunja jani la kwanza la kabichi lenye pilipili, akamlisha Hedwig kwa mkono wake.

"Na mimi je, mama? Miaka thelathini natia kabichi zako chumvi!"

"Wewe si mgeni. Koroga pilipili hiyo!"

Hedwig akanong'ona, "Afadhali wewe dada, unafokewa kama binti."

"Haya, shika kisu, ukate figili!" Sun-rye akamwambia.

Hedwig akakata mapande makubwa. Mama mkwe akageuka. "We mwanamke! Vipande gani hivyo, unalisha ng'ombe?"

Hedwig akachanua tabasamu. Sun-rye akauma meno: hata kufokewa kanyang'anywa!