Picha ya Kushika Mkononi

Mika Shemndolwa ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Lushoto mjini. Mimi nauza mbegu na dawa za mboga, yeye ana studio ya picha, na kati yetu pana mbao nyembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi ndiye ninayempa pole. Mkewe humwona jioni akiwa amechoka. Mimi humwona mchana akijisifu. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani namchukia. Mika ni mtu mwema, ila ana kiburi cha ufundi, na kiburi hicho ni kibaya kuliko cha mali, kwa sababu mwenye nacho huwa kweli anajua kazi.

Alizaliwa Mtae, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri. Alifanya kazi Tanga miaka kumi na minne katika shirika la umma, kwenye chumba cha giza, akisafisha picha za vitambulisho na za mikutano. Mwaka 1993 shirika likapunguza watu na yeye akawa mmojawapo. Wenzake walinunua magari chakavu wakafanya teksi, na magari yakafa kabla mwaka haujaisha. Mika alirudi mlimani na kamera mbili. Halafu mwaka 2000, soko huria likiwa limeshatuletea kila kitu, kuanzia makoti ya mitumba hadi mafriji yasiyogandisha, akaleta kompyuta. Ilipanda na lori lililotoka kushusha kabichi Dar es Salaam, imefungwa kwenye magunia matupu, na wiki nzima studio ilinuka kabichi.

Kazi aliyoifanya nayo ilikuwa kufufua picha za zamani. Unyevu wa huku hauhurumii karatasi. Picha ikikaa kabatini miaka ishirini inapauka, inaota madoa, na baba wa watu anabaki kivuli chenye tai. Watu walikuja na vivuli vyao kutoka Mlola, Soni hadi Mazinde huko chini barabarani, na Mika aliwarudishia nyuso.

Siku moja mteja alipokosekana alinikalisha mbele ya kioo cha kompyuta anielimishe. Alinionyesha mchoro wenye kilima kimoja chembamba katikati.

"Kila nukta ya picha ina namba yake," alisema. "Nyeusi tii ni sifuri, nyeupe pe ni mia mbili hamsini na tano. Sasa fikiria nyeusi ndiyo Mazinde, chini kabisa, na nyeupe ndiyo Mtae, juu kabisa. Picha iliyopauka ni kama watu wote wamehamia Soni. Hakuna wa juu, hakuna wa chini, wote wamebanana katikati."

"Na wewe unafanyaje?"

"Nawarudisha makwao." Akasogeza kipanya, kilima kikatanuka huku na huku, na kwenye picha akatokea mwanamume aliyekaa kwenye kiti. Sikutaka kumpa raha ya kuniona nimeshangaa, lakini nilishangaa.

Kisha akanionyesha namna ya kuondoa madoa kwa kile alichokiita chujio. Kila nukta inawauliza majirani zake wanane walioizunguka. Wote tisa wanapangwa kuanzia mweusi hadi mweupe, na nukta inachukua rangi ya yule wa katikati. Doa dogo likijikuta peke yake miongoni mwa weupe, linageuzwa jeupe. Madoa yakiwa makubwa, fundi anapanua ujirani, wanaulizwa mia badala ya tisa.

"Na kama hilo doa lilikuwa na haki yake ya kuwa pale?" nilimuuliza.

"Chujio halijui haki," alisema Mika. "Linajua majirani." Akacheka, na mimi nikarudi kwenye mbegu zangu.

Basi mwaka 2002, mwezi wa pili, nilimleta kwake mama yangu mkubwa, Bi Tatu wa Mlola. Ni dada ya mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa. Alikuwa ametoka kwa daktari wa macho. Daktari alisema ni presha ya macho, imeshakula sana, na matone aliyompa yangechelewesha tu. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na ndani ya tundu hilo vitu vilikuwa vya kijivujivu. Daktari hakumficha: labda hadi mwisho wa mwaka, labda kabla.

Bi Tatu hakulia. Alifungua fundo la khanga akatoa kadi ya TANU ya marehemu mumewe, Hassani, aliyefariki mwaka 1971. Ilikuwa na picha ndogo ya pasipoti, yenye ukungu na muhuri uliokatiza bega. Hakuna picha yake nyingine duniani. Na yeye mwenyewe alikuwa hajaweza kuuona uso ule kwa miaka minane, maana picha ilififia huku na macho yakififia huku.

"Shikamoo, mama," alisema Mika.

"Marahaba, mwanangu. Nataka nimwone mume wangu kabla sijafunga macho haya. Nikishamwona, basi, hata giza nitakaa nalo."

Mika aliishika ile kadi kwa ncha za vidole. Nilimwona ameguswa, na hapo ndipo makosa yalipoanzia, kwa sababu Mika akiguswa anataka kufanya kitu kikubwa. Hakuuliza swali hata moja. Alisema, "Mama, njoo siku ya soko wiki ijayo. Utamwona."

Kwa siku sita nilisikia viti vikisogea upande wa pili wa mbao. Siku ya soko Bi Tatu alishuka na basi la asubuhi, na Mika akamfunulia kazi yake. Ilikuwa picha kubwa kama sinia, ndani ya fremu yenye kioo. Na kusema haki ilikuwa nzuri. Madoa yote yalikuwa yameondoka, ngozi laini, mwanga umepita shavuni taratibu bila mkwaruzo, nyuma kuna kijivu cha kupendeza. Ungeiona ukutani kwa mchungaji ungeuliza nani kaipiga.

Bi Tatu alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Akaanza kutafuta. Tundu lake la kuonea lilipita kwenye kola, likapanda begani, likapotea kwenye kile kijivu cha kupendeza, likarudi kwenye kola. Alitafuta muda mrefu. Mika alikuwa akimwonyesha kwa kidole, "Hapa mama, jicho hili hapa," na yeye akifuata kidole, na akifika hapo anakuta ulaini mtupu.

Mwishowe alisema, "Huyu simjui."

"Ni yeye, mama."

"Paji la uso halina kitu. Mume wangu alikuwa na sijida, kubwa, kama shilingi. Nikiiona hiyo ndiyo nitajua macho yako wapi." Alisimama akajitanda khanga. "Hongea, mwanangu, asante kwa kuhangaika. Lakini huyu ni mtu mwingine. Na hata angekuwa yeye, mimi ningemtundika wapi? Kwangu hatutundiki watu ukutani, tunaswali pale. Mimi nilitaka wa kushika mkononi."

Akaondoka ameshika mkono wangu, na fremu ikabaki mezani. Nilipomfikisha kwenye basi alisema tu, "Niambie ukweli, macho yangu yameisha?" Nikamwambia hapana. Sijui kama aliniamini.

Nilirudi studio nikiwa nimewaka. Mika naye alikuwa amenuna, akasema picha haina kosa, kosa ni la macho. Hapo nikafungua mdomo. Nikamwambia, "Wewe umeishi na Waislamu tangu kuzaliwa. Hujui sijida? Mtu ameinamisha paji la uso chini mara tano kila siku hadi ngozi ikaota alama, wewe umeifuta kwa dakika moja ukiita ukungu!"

"Ilikuwa doa kati ya madoa," alisema. "Sikujua."

"Hukuuliza! Na umemtengenezea picha ya sebuleni kwenu. Yeye amekuomba picha ya kwenye nyumba yake."

Nilikwenda upande wangu nikabamiza mlango, na ule ubao ukatikisika ukaangusha kopo la mbegu za karoti. Karoti mnazijua, mbegu zake ni vumbi. Nilizoa hadi adhuhuri, hasira ikaniisha, nikabaki na huzuni tu.

Siku mbili Mika hakujisifu. Siku ya tatu alikuja kusimama mlangoni kwangu, akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, Bi Tatu anaona upana gani akishika kitu mkononi. Nikafikiri. Nikasema, kiganja, labda pungufu. Anatofautisha nini? Nikasema anatofautisha chumvi kwenye sufuria nyeusi, lakini mchele kwenye ungo hauoni. Alikuwa anaandika. Na sijida ilikuwa katikati kabisa au pembeni? Nikasema katikati, juu kidogo ya nyusi. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona Mika anauliza mtu asiye fundi.

Aliichukua tena ile kadi iliyobaki kwake, akaipitisha upya kwenye skana. Safari hii madoa aliyaondoa moja moja kwa mkono, kama mtu anayechambua mawe kwenye maharage, na paji la uso hakuligusa. Kisha akafanya alichokiita dhambi. Aliwasukuma watu wa Mazinde wote chini kabisa na wa Mtae wote juu kabisa, hadi Soni hapakubaki mtu. Halafu akatumia chujio la namna ya pili, lile ambalo nukta ikitofautiana na majirani linazidi kuitofautisha, hadi kila ukingo wa uso ukakata kama kisu. Ilikuwa mbaya. Alikuwa akinionyesha huku anageuka pembeni kwa aibu. Alichapa sita, kila moja na ukali wake, zote za kutosha kiganjani.

Lakini mvua za masika zilikuwa zimeanza, na siku ya soko Bi Tatu hakushuka. Wiki iliyofuata hakushuka pia. Mtu wa Mlola alituambia njia imekatika, na kwamba mama mkubwa siku hizi anapapasa ukuta akienda uani. Mika aliposikia neno kupapasa, alifunga studio saa nne asubuhi. Akasema, "Twende."

Basi lilitufikisha penye maporomoko ya udongo, tukamalizia kwa miguu, yeye amefunga bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya koti, juu ya moyo. Alianguka mara mbili kwenye tope, na mara zote mbili alianguka chali.

Tulimkuta Bi Tatu barazani akimenya viazi kwa vidole vyenye kujua. Mika alimwamkia, kisha akakaa chini kizingitini, tope na yote, akasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilifuta kitu kisicho changu."

"Umetoka mjini kwa mvua hii kusema hivyo?"

"Nimekuja na picha pia. Ni mbaya, mama. Utachagua wewe."

Alimpa moja moja, penye mwanga. Ya kwanza Bi Tatu aliirudisha. Ya pili pia. Ya tatu aliishika kidogo, akatikisa kichwa. Ya nne vilevile. Mimi nilikuwa nahesabu zilizobaki, na nakiri nilianza kuomba kimoyomoyo. Ya tano aliisogeza taratibu mbele ya jicho la kulia. Hakusogeza kichwa, alisogeza picha, juu, kushoto kidogo.

Ikasimama.

"Hii hapa sijida," alisema.

Akaishusha nusu kidole. "Nyusi." Akaishusha tena. "Jicho. Hassani, jicho hilo." Akapita puani, akafika mdomoni, akakaa hapo. Viazi viliteleza kutoka mapajani, hakuna aliyeviokota.

Halafu uso wake ukabadilika, akanigeukia kama mtu aliyedanganywa.

"Mwanangu, mbona mtoto hivi?"

"Alikuwa na miaka arobaini na mbili, mama."

"Arobaini na mbili." Aliirudia taratibu. "Mimi miaka yote hii nilikuwa nazeeka naye. Nikiota mvi, nampa na yeye mvi. Meno yangu yaking'oka, namwona naye kibogoyo, tunachekana. Usiku tunasengenya wajukuu, vizee viwili." Alipitisha kidole gumba juu ya ile picha. "Kumbe ameniacha nizeeke peke yangu."

Akacheka kwanza, kweli alicheka. Kisha kicheko kikamvunjikia mdomoni, akalia kama wanavyolia wajane wapya, kwa sauti, kana kwamba Hassani ana siku tatu tu kaburini. Mika Shemndolwa, aliyekuja kumwonyesha mama huyu mumewe, hakujua aweke wapi mikono yake. Alinyoosha mkono aichukue ile picha, kwa kuogopa amemuumiza, na Bi Tatu akampiga kofi dogo mkononi.

"Iache," alisema, na machozi yakimtiririka. "Mwache nimwangalie. Bado naona."