Kiwiko Nilichokiumiza Ukweni

Baba mkwe wangu wa Gendabi amepita miaka sabini, na bado anapasua kuni mwenyewe. Tulipokwenda kuwasalimia, nilimkuta uani na shoka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Masieda, na kitu kizito ninachoshika kila siku ni chaki. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni anatazama, basi nikajitia nguvu.

"Shikamoo baba. Pumzika, hilo gogo nitalimalizia mimi."

"Marahaba. Lina fundo hilo. Lianzie pembeni."

Nililianzia katikati. Shoka likanasa. Nikavuta, nikalikanyaga gogo, nikavuta tena mpaka nikaangukia matako. Mzee akaligeuza gogo, akagonga mara mbili, likapasuka. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilipasua kuni siku mbili mfululizo ili wasahau nilivyoanguka.

Tuliporudi nyumbani kiwiko cha kulia kilianza kuuma. Wiki ya pili sikuweza kuinua hata kikombe cha chai. Shuleni nikaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na mwanafunzi mmoja akanyoosha kidole kuuliza kama ile ilikuwa ramani. Nilipaka kila dawa ya kuchua iliyokuwepo dukani, mpaka walimu wenzangu wakawa wanafungua madirisha nikiingia ofisini. Mwishowe mke wangu akanipeleka Katesh, kwa mtaalamu anayenyoosha viungo na mgongo kwa mikono.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti niliyemfundisha darasa la nne.

"Shikamoo mwalimu. Mkono umeumiaje?"

"Marahaba. Ni kilimo," nikajibu kwa sauti nzito. "Mwaka huu nimelima sana."

"Kilimo gani?" mke wangu akadakia. "Alikuwa anawaonyesha wazazi wangu kwamba anajua shoka."

Binti akainama kuandika. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Akanilaza kifudifudi, akaanza kunibonyeza chini ya shingo.

"Tatizo langu ni kiwiko," nikamkumbusha.

"Najua, mwalimu. Naanza kuangalia huku juu, mkono unakoanzia."

Akavuta bega, akasukuma, kitu kikalia "ko!" mgongoni. Nikamwita mama yangu kwa sauti kubwa. Nje, watu waliokuwa wakipiga soga kwenye benchi wakanyamaza wote.

"Kiwiko bado sijakigusa," akasema kwa upole.

Alipokigusa, kidole kimoja tu kilitosha kupata mahali penyewe, nami nikaruka kitandani. Akanieleza kwamba misuli ya kunyanyulia kiganja imejishikiza pale, na kwamba nimeichosha kwa kazi ambayo haikuizoea. Hakuniahidi muujiza. Aliniambia niache shoka, nirudi kwake kila wiki, na nyumbani nikamue taulo lililolowa, taratibu, asubuhi na jioni.

Maumivu yaliisha polepole, karibu miezi miwili. Taulo nililikamua bila kukosa, tena mbele ya dirisha, ili majirani waone mgonjwa mwenye nidhamu. Aliyeona ni mke wangu. Siku moja akaniletea beseni la mashuka, akasema mazoezi ni mazoezi. Mkono umepona kabisa sasa, ila sijapata ujasiri wa kumwambia, kwa hiyo kila Jumamosi mashuka ni yangu.