Mashine ya Matawi na Kifua cha Bibi

Mjomba wangu ana mtindo wake wa kupogoa miti. Kila tawi analolikata anapitisha kiganja chake juu yake. Likijaa mkononi, analiweka kando likauke, aje alichonge mpini wa jembe au wa shoka. Kibanda chake nyuma ya jiko kimejaa mipini mpaka mlango haufungi. Vijiti vyembamba visivyojaa mkononi ndivyo alivyokuwa akivichoma moto, na tatizo lilikuwa hapo, kwa sababu Bibi, mama yake, ana kifua kibovu.

Kila msimu wa kupogoa Bibi alikuwa akifungasha mfuko wake wa buluu na kwenda kukaa kwa mama mdogo wiki tatu, mpaka moshi uishe. Halalamiki. Lakini siku anayoondoka Mjomba hagusi chakula cha mchana. Mwaka huu daktari akasema hata safari yenyewe inamchosha. Mjomba akaapa kwamba moto basi. Atanunua mashine ya kusaga matawi, ile inayofungwa nyuma ya trekta, ili Bibi abaki nyumbani kwake.

Trekta la Mjomba ni dogo na limepakwa mabaki ya rangi za watu watatu. Tunaliita Kinyonga, kwa rangi zake na kwa mwendo wake. Kwa wiki mbili nilimsomea Mjomba karatasi za mashine baada ya shule, maana miwani yake ina kioo kimoja.

"Kinyonga ana nguvu za farasi ishirini na tano," nilimsomea. "Ila wanaofika kwenye shafti ya nyuma, ile inayozungusha mashine, ni kumi na tisa."

"Sawa."

"Hao sita wengine wanapotelea wapi?"

"Wanasimama njiani kula majani. Endelea kusoma."

Niliendelea, lakini yeye moyo wake ulishaenda kwa mashine moja kubwa, yenye mdomo wa kumeza tawi nene kama paja. Akaikata picha yake na kuibandika ukutani karibu na kalenda.

Jumamosi tukaenda dukani na Kinyonga mwenyewe. Bibi alikaa nami kwenye tela, juu ya mto wa kochi. Mjomba alikuwa amemsihi abaki.

"Mashine inanunuliwa kwa ajili ya kifua changu," Bibi alimjibu, "na kifua hakijui kwenda peke yake."

Muuzaji alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni. Alimpa Bibi kiti, akamgeukia Mjomba. "Mzee, chukua hii kubwa. Ukichukua ndogo leo, kesho utanirudia hapa."

Wakaifunga ile kubwa nyuma ya Kinyonga uani. Mjomba akawasha, mashine ikaanza kunguruma, nami nikaziba masikio. Muuzaji akaingiza tawi. Kinyonga akatetemeka, akakohoa mara mbili, akazima.

"Mafuta hayo," Mjomba akasema. Wakajaribu tena. Akakohoa, akazima. Mjomba akamgusa Kinyonga boneti kama anayempima mtoto homa. "Amepigwa na baridi njiani."

"Anakohoa kama mimi," Bibi akasema kutoka kitini. "Na mimi mlishaniambia nisijichoshe."

Muuzaji akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Mjomba hakucheka. Alisimama anaitazama ile mashine kama mtu anayeagana na mchumba. "Lakini mama, ile ndogo inameza tawi la unene wa fimbo tu. Yale manene nitayapeleka wapi?"

"Manene yapi?"

"Ya mipera. Ya michungwa."

"Hayo si unayarundika kibandani? Mimi nimeishi na moshi wako miaka yote hii. Lini umewahi kuchoma tawi nene?"

Mjomba akakitazama kiganja chake, kilekile kinachopima matawi, kana kwamba kimemsaliti. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe mpwa wangu, wiki mbili ulikuwa unasoma nini?"

"Ulichoniambia nisome, Mjomba."

Basi tukahamia kwa zile ndogo. Zilikuwa mbili. Moja unaisukumia matawi mwenyewe, nyingine ina roli la meno linaloyavuta ndani polepole. Hapo Mjomba akawa makini kweli, kwa sababu ana bega moja bovu. Hakuuliza tena unene. Alisimama mahali ambapo angesimama akifanya kazi, akanyoosha mkono ule wenye maumivu, akaona kama unafika kwenye wenzo wa kusimamisha roli. Ulifika. Akarudia akiwa amefumba macho. Ulifika tena. Akachagua ile ya roli.

Kinyonga alinguruma nayo nusu saa nzima uani bila kukohoa. Muuzaji mwenyewe akasema, "Wamependana."

Msimu wa kupogoa ulipofika, nilirudi kutoka shule nikaukuta mfuko wa buluu umetolewa msumarini. Nilishtuka. Nikakimbilia shambani, nikamkuta Bibi ameinama kwenye rundo la vipande vya matawi, anaujaza mfuko vipande hivyo akavitandaze kwenye maua yake, huku harufu ya michungwa imetanda kote.

"Mwambie mjomba wako kelele zake zimezidi," aliniambia. "Nimeshindwa kulala mchana."

Nikaenda kumwambia. Mjomba akazima mashine, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa juu ya gurudumu la Kinyonga akitabasamu, akaniomba niyarudie maneno hayo mara ya tatu.

Mchana ule alikula sahani mbili.