Arlys, mtunza bastola mlangoni aliyekosea mara moja

Saa mbili kamili asubuhi, Arlys Tveit anafungua mlango wa jengo la kaunti ya Tamarack, Montana, anaweka birika la kahawa mezani na kuketi. Kahawa haijapoa, mfugaji wa kwanza ameshaingia kulipia namba za pikapu yake, bastola kiunoni.

"Kiuno hicho kizito, baba," Arlys anamwambia. "Kipunguze."

Bwana yule anarudi nje bila kinyongo, anaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga lililowekwa kwa usalama na kuzichomoa risasi. Anaporudi anaifungua bastola mbele ya Arlys. "Tupu," anasema. Arlys anachungulia. "Naona, tupu." Bastola inaingia kwenye droo, mwenyewe anapewa kibati chenye namba ya droo hiyo.

Huku watu hutembea na bastola nje nje, na sheria haina neno nao. Ila kanuni ya kaunti inasema humu ndani, wanamogombania kodi, mipaka na talaka, silaha inabaki mlangoni. Hiyo ndiyo kazi ya Arlys, mwenye miaka 64, kwa mwaka wa ishirini sasa. Analipwa dola 17 kwa saa.

Zamani alikuwa dereva wa basi la shule. "Wengi wao niliwabeba wadogo, nikawa nawanyang'anya manati," anasema. "Sasa nawanyang'anya bastola. Kazi ni ile ile."

Mwaka huu nusura imponyoke. Makamishna watatu wa kaunti walipanga kupigia kura wazo la kununua makabati ya chuma, kila mtu ajifungie silaha yake mwenyewe. Likipita, meza ya Arlys inaondoka, naye nyuma yake.

Kilichomuuma zaidi si mshahara. Mumewe, Leif, alifariki miaka sita iliyopita. "Nyumbani naongea na redio," anasema. "Hapa watu wananijibu."

Basi, wiki moja kabla ya kura, ndipo alipokosea.

Orville Stenson na Gus Petrak ni wafugaji wanaopakana uzio. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa, tangu fahali wa Gus alipovunja seng'enge na kujifanya mkwe kwa ng'ombe wa Orville bila kupeleka posa. Hata hivyo bastola zao ni za aina moja, zilinunuliwa duka moja siku ya punguzo la bei. Asubuhi hiyo kila mmoja alikuja na shida zake. Arlys, akimcheka karani aliyekaa juu ya andazi lake, akaweka ya huyu kwenye droo ya yule.

Orville alifika nyumbani, akaona herufi G.P. zimechongwa kwenye mpini. Akapiga simu. Angeweza Arlys kuifunika ile habari, azirudishe kimya kimya, makamishna wasijue. Hakufanya hivyo. Aliwaita wote wawili saa tisa alasiri, na walipofika akagoma kuzigusa zile bastola.

"Mikono yangu leo imeshakosea," akawaambia. "Kabidhianeni wenyewe."

Wakasimama pale wamenuna, watu wazima wenye mvi. Gus akaifungua ile aliyoishika. "Tupu," akasema, macho yake ukutani.

Desturi ya huku ni moja, na hakuna anayeivunja: hupokei bastola kwa mtu bila kumjibu. Orville akainama, akachungulia.

"Naona, tupu."

Kisha naye akampa Gus ya kwake, maneno yakawa yale yale. Arlys anasema alitamani kulia lakini aliogopa kuharibu. Mwishowe Orville akauliza yule fahali yuko wapi.

"Alikufa baridi iliyopita," Gus akajibu.

"Pole, bwana."

Arlys akawamiminia kahawa kabla mmoja hajakumbuka kuondoka. Walipokwenda, akaandika barua ya kukiri kosa, akaitia sahihi na kuipeleka kwa makamishna kwa mkono wake.

Siku ya kura barua hiyo ilisomwa ukumbi mzima ukisikia. Kamishna mmoja akasema hadharani kwamba anampenda Arlys kama dada yake, lakini kabati halikosei.

Gus akasimama nyuma, kofia mkononi. "Ndiyo ubaya wake," akasema, akaketi.

Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Kisha Orville naye akainuka kueleza, na alieleza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusema popote, pamoja na habari za seng'enge wanayoitengeneza pamoja. Kura zikawa mbili kwa moja. Meza imebaki.

Septemba hii Arlys atatimiza miaka ishirini mlangoni. Anapanga kuoka pai za matunda ya porini, kila atakayeacha bastola apate kipande. Amenunua pia utepe mwekundu wa kufunga kwenye bastola ya Gus, ili zisichanganyike tena.

Utepe huo bado uko kwenye karatasi yake. Arlys anautazama, kisha anashusha sauti.

"Kuna ndugu wawili kule mtaa wa juu, hawajasalimiana tangu mwaka juzi," anasema. "Na bastola zao zinafanana."