Jembe Kabla ya Siku Yake

Kwetu, upande wa Kamembe, mume akifa jembe linalazwa nyuma ya nyumba. Hakuna wa nyumbani anayelima wala kwenda kazini mpaka siku ya kufunga kilio. Siku hiyo mjane ndiye anayelishika kwanza. Akishapiga udongo mbele ya watu, kilio kimekwisha.

Mume wangu alikuwa mwashi. Alipokuwa na umri wa mtoto wetu alikuwa amekwisha kujenga nyumba hii, kwa mshahara wake tu. Mtoto amesoma ujenzi shuleni, kitu ambacho sisi hatukukipata, lakini anacholipwa hakitoshi hata kodi ya chumba. Analala sebuleni. Nafasi yenyewe ya uashi aliingoja sana, maana kila asubuhi vijana wanajaa mbele ya shantye, pale panapojengwa, na kapita anayewasimamia anachagua wanaokubali kidogo.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alitoka Nzahaha kusimamia kilio. Alisema tutakaa juma zima. Sikubisha. Lakini makaa yalikuwa yamepanda bei tena, na sufuria ikawa nyepesi kila jioni. Jirani mmoja alichungulia sahani yake akasema, "Maharagi ya leo inajuana kwa majina." Watu walicheka. Nami nikacheka, kisha nikaona haya.

Jioni hiyo kapita alipiga simu. Mtoto aliisikiliza amesimama, kisha akaenda kwa shemeji.

"Baba mudogo, anasema kama sifike kesho asubui, anaweka mungine. Beko bengi kwa mulango."

"Baba yako hayamaliza hata juma mu udongo, unakimbilia sima ya kujengea?"

"Ni yeye alinifundisha hiyo sima."

"Nyamaza! Bantu batasema tulizika imbwa."

Wote wawili walinitazama. Nilisema ninakwenda kulala.

Kulipopambazuka, watu walikuwa bado wanaota moto uani. Mtoto alikaa mlangoni amevaa buti, kamba hajazifunga. Nilipita nyuma ya nyumba, nikachukua jembe, nikaja nalo mbele yao, nikapiga udongo kando ya migomba.

"Maman, unafanya nini?" shemeji aliuliza.

"Ninalima, shemeji."

"Siku haiyafika."

"Imefika."

Nilipiga tena, nikaanza mstari. Mtoto alifunga kamba akaondoka bila kuaga. Nadhani aliogopa nisije nikaliweka jembe chini.

Shemeji aliondoka kabla ya chakula. "Umefunga kaka yangu kama mulango ya duka," aliniambia.

Jioni mtoto alirudi na sima kwenye nyusi. Kumbe, licha ya ile simu, uashi alikuwa amepewa mwingine tangu jana. Yeye alibebeshwa mchanga na mifuko ya sima, kwa malipo ya chini.

"Na kesho?"

"Kesho ntasimama kwa mulango na bengine, Maman."

Nilimpa chakula. Kisha nilitoka, nikamaliza mstari niliouanza asubuhi, nikilia kwa sauti, kwa kuwa uani hapakuwa tena na mtu.